Ndege Isiyo na Ndani

Mama yangu aliniomba nimjengee ndege ili aizike.

Aliniambia asubuhi, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, miguu yake iliyovimba ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nilidhani ni homa inayosema, nikamwambia apumzike kwanza, tutaongea baadaye. Akanitazama kwa yale macho ambayo tangu utoto wangu yalikuwa yakinifanya niweke chini chochote nilichoshika.

"Hapana homa," akasema. "Niko nasema na akili yangu yote. Ujenge ndege ya mudogo yako, ile alipandaka mara ya mwisho. Tuizike. Sitaki kufa na mutoto yangu hajalilwa bado."

"Mudogo yangu hajakufa, mama."

"Basi enda umulete."

Nilimwaga chai iliyobaki na kutoka nje ya uzio kwenda kukasirika peke yangu. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikasimama pale bila shughuli yoyote, nikarudi. Mama alikuwa amekaa vilevile.

Mdogo wangu alikuwa anasindikiza mizigo kwenye ndege zilizokuwa zikiruka kutoka Goma kwenda kwenye viwanja vya udongo huko msituni. Alikuwa anakaa nyuma na magunia na mapipa, anaangalia kamba zisilegee, na wakifika anapakua. Mimi nilibaki chini, nikisimamia wapakiaji. Siku moja ndege yake, ya Kirusi, yenye injini mbili na mabawa yaliyokaa juu ya mgongo, iliondoka na unga, mafuta ya kupikia na mabati. Haikufika ilikokuwa inakwenda na haikurudi ilikotoka. Waliitafuta, lakini mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti, na baada ya muda wakaacha. Hakuna aliyeona moshi. Hakuna aliyeokota hata msumari.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu mgumu kuishi naye, na ninalijua hilo. Mtu akisema "marehemu mdogo wako," namkatiza hapohapo, hata kama ni kanisani, hata kama ni mzee. Marehemu gani? Nani aliuona mwili? Niliamini kwamba siku moja angetokea mwisho wa barabara yetu hapa Murara, mtaa wetu wa Goma, amekonda, ana ndevu mpaka kifuani, anacheka. Msitu ule una watu. Kuna waliotoka humo baada ya miaka na kukuta wake zao wameolewa. Kwa nini wengine wote watoke, yeye tu asitoke?

Sisi ni watu wa upande wa Butembo. Kwetu, mtu akifa na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake. Haliwi shina la mgomba wowote. Hutoka nyuma ya nyumba alikozaliwa, pale kitovu chake kilipozikwa. Padri anajua mambo hayo na anafumba macho; anakuja na maji ya baraka kaburi likishafunikwa, haulizi ndani mna nini. Bila hivyo kilio hakifungwi. Jina la mtu haliwezi kupewa mtoto mchanga, sala yake haiwezi kusomwa, na mzazi anayekufa kabla ya kukifunga kilio cha mwanawe anakwenda nacho huko anakokwenda. Ndicho kilichokuwa kinamtisha mama. Kifo chenyewe alikuwa anakizungumza kama safari ya sokoni.

Kwa miaka yote alikuwa upande wangu. Wajomba walipoleta habari za mgomba, aliwapa chakula na kuwarudisha. Lakini mwaka huu mwili ulianza kumwacha, pumzi ikawa fupi, maji yakajaa miguuni, na bila kuniambia alimpigia simu baba yangu mdogo aliyebaki Butembo kwenye nyumba tulikozaliwa kabla ya kuhamia Goma, amkatie shina na kulileta.

Kulileta kwa njia gani? Barabara imekatika. Vita vimekaa katikati yetu na kwetu, na atokaye Butembo kuja Goma analazimika kutoka nchini mwake, kuzunguka Uganda nzima ya magharibi, na kuingia tena nchini mwake kwa Bunagana. Baba mdogo alimpa shina hilo mfanyabiashara mmoja wa ukoo wetu, anayezunguka hivyo na vitenge vyake. Mpaka wa kwanza alipita, shina limelala chini ya marobota. Bunagana wakafungua mizigo, wakamwuliza hiki ni nini. Mtu mzima yule aliona haya kusema kwamba ni mtu. Akasema ni mbegu ya kupanda. Wakamwambia migomba ina ugonjwa wa kunyauka, mbegu haivuki. Angesema ni maiti labda wangemdai karatasi za maiti, sijui. Alichojua yeye ni kwamba vitenge vinaloa, akaliacha shina kando ya njia. Aliporudi kupita pale, mbuzi walikuwa wamelimaliza.

Alituambia hayo kwenye simu, sauti ikiwa wazi ili mama asikie. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mbuzi ya Bunagana ilikula mutoto yangu," akasema, kisha akanyamaza siku nzima.

Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa shina lile kuliwa kuliko nilivyofurahi kwa jambo lolote mwaka huu. Niliona mdogo wangu amepewa muda tena. Sikujua kwamba katika kimya kile mama alikuwa anafikiria ndege.

Alijua anachoomba, kwa kuwa mimi na mdogo wangu tulikuwa wajenzi wa ndege. Watoto wa Murara wote wamekua chini ya njia ya ndege; sisi tulizijua kwa matumbo yao kabla ya kuzijua kwa majina. Watoto wengine walitengeneza ndege za mabua, zikavunjika, wakasahau. Sisi tulikwenda mbali. Tulitaka ndege ndogo iwe ile kubwa kabisa, kila kitu mahali pake, kila mita moja ya kweli iwe sentimita mbili mezani. Jicho halikuruhusiwa kuamua. Baadaye tulipopata kazi kiwanjani, mdogo wangu alipima bawa kwa kamba ya kufungia mizigo huku mimi nikimwangalizia mlinzi. Kiunzi kilikuwa kazi yangu: nilichonga mwili na mabawa kwa mti mwepesi unaokatika kwa kisu kama mhogo. Ngozi ilikuwa yake. Alichukua mikebe ya maziwa ya unga, akaifungua, akainyoosha kwa chupa, akaikata vipande na kuipinda juu ya mti wangu, kisha kwa sindano butu akachora mistari ya ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshika mabati ya ndege, moja baada ya nyingine. Jumapili baada ya misa tulizipeleka Himbi, mtaa wa wageni kando ya ziwa, kwa watu wa maofisi waliokuwa wanamaliza mikataba yao na kutaka kitu cha kubeba nyumbani. Walidhani zinatoka kiwandani. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu kubwa.

Alipopotea, niliweka vyombo ndani ya mkebe, nikausukuma chini ya kitanda. Sikuwa na hasira na ndege. Nilikuwa fundi wa nusu ya ndege, na nusu nyingine haikuwepo.

Basi mama akaomba, na mimi nikakataa, na yeye hakuomba mara ya pili. Hilo ndilo lililonishinda. Angelia ningebishana naye. Alikaa tu kwenye kiti chake akinitazama nikipita, na pumzi yake ilikuwa inasikika toka jikoni. Kwenye kituo cha afya muuguzi alituambia moyo umechoka, na dawa aliyoandika haikupatikana katika duka lolote tulilouliza. Siku moja nilipiga magoti, nikavuta mkebe kutoka chini ya kitanda. Kisu kilikuwa na kutu. Msasa ulikuwa umeliwa na mende. Sindano ya mdogo wangu ilikuwa imechomekwa kwenye kizibo, kama alivyoiacha.

Mti nilipewa bure na seremala wa majeneza wa mtaa wa pili. Siku hizi ana vipande vingi vinavyobaki.

Nilidhani mikono ingekumbuka. Watu husema hivyo, mikono haisahau. Yangu ilisahau vizuri kabisa. Kipande cha kwanza nilikichonga kikawa na tumbo kama la samaki. Cha pili kilipasuka katikati. Cha tatu nilijikata kidole, damu ikaingia kwenye mti, nikakitupa ukutani na kutoa maneno ambayo mama hakuwahi kunifundisha. Macho nayo yamezeeka. Lazima nisogeze kazi mbali kuiona, na nikiisogeza mbali mkono haufiki vizuri. Nilikaa pale uani, mtu mwenye mvi, makombo ya mti magotini, nikiona aibu mbele ya kuku.

Na hapakuwa na pa kutazama. Zamani nikisahau umbo la kitu nilinyanyua kichwa tu, kikapita. Sasa kiwanja kimefungwa kwa ajili ya vita, na angani mwetu hakuna kitu ila mawingu na moshi wa volkano. Tulikuwa na desturi hapa nyumbani, ndege ikipita wakati wa sala tunanyamaza mpaka iishe, kisha tunaendelea pale pale, "utupe leo." Siku hizi sala inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na inaisha mapema mno. Kwenda kuchungulia uzio wa kiwanja ni kutafuta risasi. Ilinibidi niivute ndege yote kutoka kichwani.

Na kichwani mwangu hakuna ndege ile bila mdogo wangu. Urefu wa mkia? Nakumbuka alisimama chini yake mvua ikinyesha, akanyoosha mkono, na bado nafasi ilibaki ya mtu mwingine kama yeye. Injini inaning'inia wapi? Alikuwa anapita chini yake bila kuinama, lakini kofia aliivua. Upana wa tumbo? Alilala humo kwa mapana, siku ya joto, kichwa kwenye ukuta mmoja na miguu kwenye ukuta wa pili, magoti amekunja kidogo. Niliupima mwili wa ndege kwa mwili wake. Nilikuwa naandika sentimita kwenye mti kwa kalamu ya risasi na machozi yanatoka, na nilikuwa nayafuta kwa mkono wenye vumbi la msasa, kwa hiyo yalizidi.

Polepole kazi ilirudi. Siwezi kusema sikuifurahia. Kulikuwa na mchana mmoja ambapo bawa liliingia mahali pake bila kusukumwa, kukasikika kale kasauti kadogo, na kwa muda mfupi nilisahau ni la nini. Kisha nikakumbuka, nikajichukia.

Bati lilikuwa mateso. Kazi ile sikuijua. Nilikuwa nimeitazama tu maisha yangu yote. Nilinyoosha mikebe kwa chupa kama alivyofanya yeye, na ikabaki na mawimbi. Nilishika sindano yake, nikachora ribiti zangu, zikaenda upande kama mlevi. Nilibandua nikaanza upya. Nilipomaliza ubavu mmoja niliukuta haufanani na wake, nikabandua tena. Pangaboi nilizikata, nikazitupa, nikazikata tena. Kila jioni mke wangu aliuliza imefika wapi, na kila jioni nilikuwa na sababu.

Mke wangu ni mtu wa Bukavu, na hana uvumilivu na habari zetu za kuzika migomba. Lakini alimpenda mama yangu. Siku moja, akimkanda mama miguu, alinisemesha bila kugeuka.

"Papa, ile ndege ilishaka kuisha. Uko unachelewesha kusudi."

"Ribiti ya upande wa kushoto haiko sawa."

"Ni nani atahesabu ribiti ndani ya udongo?"

Nilimkemea. Nilimwambia ashike mambo ya jikoni aache ya ufundi, maneno ya kijinga ya mwanaume aliyeshikwa. Mama alikuwa amefumba macho, lakini alisikia. Nilikuwa nafikiri hivi: ndege isipoisha, haizikwi, isipozikwa, hajafa. Na upande wa pili wa mizani alikuwepo mama anayevuta hewa kwa mabega. Nilikuwa nawapima wawili hao, mmoja aliye mbele yangu na mmoja ambaye sijui aliko, na kila siku nilimchagua asiyekuwepo.

Asubuhi iliyofuata mama hakuweza kukaa kwenye kiti. Tulitoa godoro uani, tukamwegemeza ukutani kwa mito. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nilichukua rangi nyeupe, nikapaka ndege yote siku hiyo, na mstari wa bluu ubavuni kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Upande wa kushoto niliuacha na ribiti zake za kilevi. Ilipokauka nilimwekea mama mapajani.

Alikaa nayo kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye bawa, akageuza magurudumu, akapuliza pangaboi zikazunguka kidogo. Nilimwona anatabasamu, nikadhani kazi imekwisha. Kisha akaigonga ubavuni kwa kucha, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, akasikiliza.

"Ndani iko nini?"

"Ni muti, mama."

"Muti tu?"

"Ni muti tu. Ndege zetu zote zilikuwaka vile. Hazina ndani."

"Na mulango?"

Nilimwonyesha nyuma, chini ya mkia, pale ambapo ndege zile zinafunguka na kushusha ngazi ya kupakia. Nilikuwa nimeuchora kwa sindano, umekaa vizuri kabisa. Mama aliutazama mstari ule, akajaribu kuingiza ukucha, haukuingia. Uso wake ukabadilika. Akanirudishia ndege.

"Mulango ya kuchora haisaidie kitu," akasema. "Fungua."

Mtu asiyejua kazi hii anaweza kuona ni jambo dogo. Kufungua mlango kwenye mti mzima maana yake ni kubandua ngozi yote, kukata mwili kwa msumeno kutoka mkiani mpaka puani, kuchimba kila nusu kwa patasi mpaka zibaki kuta, kisha kuunganisha upya na kuomba bawa likubali kurudi. Mti ule mwepesi ukichimbwa hupasuka ovyo. Nilikuwa nimetumia majuma mengi, na mama hakuwa na majuma. Nilimwangalia, naye aliniangalia, na wote wawili tulikuwa tunajua hesabu hiyo.

Nilidhani nimemwelewa. Mlango ule wa nyuma ndio aliokuwa anatokea mdogo wangu. Injini hazijazima vizuri, ngazi haijagusa chini, yeye ameshasimama pembeni yake akinipungia. Nilisema moyoni, basi naye mama bado anamngoja. Anataka mwanawe awe na pa kutokea. Hilo lilinipa nguvu kuliko chai. Mtu anayengojewa na mama yake hajafa.

Nilikata. Nilikaa chini kando ya godoro kwa kuwa alitaka kusikia kazi, na nilipoacha kidogo alifungua macho kuuliza kwa nini nimeacha. Bati lilitoka likiwa limepinda, rangi ikamenyuka. Msumeno ulipita vizuri mpaka karibu na pua, hapo mti ukapasuka upande wake, ufa ukaenda hadi kwenye kioo cha rubani. Nilipiga kelele. Mke wangu alitoka jikoni akadhani ni mama. Nilifunga ufa kwa uzi na gundi, nikachimba huku ukiwa umefungwa. Patasi ilipokuwa kubwa mno nilikunja kijiko cha chai, nikakinoa kwenye jiwe, nikatumia hicho. Kuta zilibaki nyembamba mpaka mwanga ulipenya. Sikuhesabu tena sentimita. Sikuangalia tena ribiti. Nilifanya kazi mbaya na ya haraka, nikimsikiliza mama akivuta hewa, na kila pumzi ilipochelewa mkono wangu uliharakisha.

Siku ya pili mchana ndege ilikuwa nzima tena, kwa namna ya kusema. Ilikuwa na kovu puani, bawa moja lilishuka kidogo, rangi ilikuwa madoa. Lakini nyuma, chini ya mkia, ngazi ndogo ya bati ilifunguka na kufunga kwa bawaba ya waya, na ndani palikuwa peusi, patupu. Niliifungua mbele ya mama. Nilitaka aone.

Hakusema asante. Alimwita mke wangu kwa kichwa, na mke wangu akaja na shati la mdogo wangu, lile la Krismasi, ambalo mama alikuwa amelifungia sandukuni tangu apotee. Walikuwa wamekubaliana, wanawake hawa wawili. Mama aliomba mkasi wangu wa bati. Hakuwa na nguvu za kukata, mke wangu akashika mkono wake, wakakata pamoja ukosi wa shati, ile sehemu inayogusa shingo. Mama aliunusa. Kisha akaukunja, mara moja, mara ya pili, akausukuma kwa kidole kupitia mlango nilioufungua, taratibu, mpaka ukaingia wote.

Nilikuwa nimesahau. Nililelewa na desturi hiyo na nilikuwa nimeisahau, au nilijisahaulisha. Mgomba hauzikwi mtupu. Unavishwa nguo za aliyekufa kwanza, ndipo unakuwa yeye.

"Singeweza kumuzika uchi," mama akasema. Kisha akanitazama. "Funga."

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia gundi imekwisha, naye akanionyesha kichupa kando ya goti langu. Nilimwambia, mama, tungoje, wanasema barabara itafunguliwa, watu watatoka msituni. Nilikuwa nasema kama mtoto anayebembeleza asipelekwe shule. Hakunikatiza. Alingoja nimalize, na nilipomaliza alikuwa bado amenyoosha ndege kwangu kwa mikono miwili.

"Papa," mama akasema, akiniita kama alivyoniita utotoni, kwa sauti ya kuishia. "Niko nachoka. Funga mutoto."

Nilipaka gundi kwenye ukingo wa ngazi ile ndogo. Niliipandisha. Ilikaa sawasawa, hakuna kilichopishana, na nilichukia jinsi ilivyokaa sawasawa. Niliibana kwa kidole gumba nikangoja ishike. Nyuma ya bati lile, upana wa kucha yangu tu, palikuwa na jasho la shingo ya mdogo wangu. Nilitaka kuivunja. Nilitaka kuitoa nguo ile na kuirudisha sandukuni, na kufunga sanduku, na kurudi kwenye ile miaka yangu ya kukatiza watu maneno. Nikaendelea kubana mpaka ikashika.

Shimo lilikuwa tayari kando ya uzio. Mke wangu alikuwa amelichimba kwa mtaimbo asubuhi nikiwa nimeinamia kazi yangu, nami nilisikia chuma kikigonga mawe ya volkano na sikuuliza. Halikuwa refu. Hapa Murara mtu hachimbi kwenda mbali. Tulimbeba mama na godoro lake mpaka pale. Niliiweka ndege chini mwenyewe, pua ikitazama upande wa kwetu, na tulipomwaga mchanga wa kwanza ulilia juu ya bati.

Ndipo mama akapiga kelele. Sikujua bado anayo sauti ile. Miaka yote hakuwahi kuitoa, hata siku waliposema wameacha kutafuta. Aliita jina la mwanawe, la ubatizo na la nyumbani, akamwuliza amemwachia nani, akamlaumu kwa kutangulia, kama mama anavyopaswa kumlilia mtoto. Alilia kwa pumzi ambayo hakuwa nayo. Mke wangu akamshika mabega na kuanza kulia naye.

Katika mtaa wetu kilio kama hicho hakihitaji mjumbe. Nilisikia malango yanafunguliwa. Nikaenda langoni, nikiwa na vumbi na rangi mikononi, na wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu anayeuza makaa ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyekimbia kijiji chake akaja kukaa hapa juzijuzi. Hakumjua mdogo wangu. Alikuwa amebeba kiti chake kichwani, kama inavyofanyika, ili wenye msiba wasihangaike.

"Poleni, papa," akasema. "Ni mama yetu?"

"Hapana. Mama eko."

"Sasa ni nani amekufa?"

Ile hasira yangu ya siku zote, ile ya "nani aliuona mwili," niliitafuta nisiipate.

"Mudogo yangu," nikasema.

"Mungu wangu. Alikufa siku gani?"

"Leo."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye weusi wa makaa, akaingia kwa mama. Wengine walikuwa wanakuja nyuma yake na viti vyao, nami nilisimama pale langoni nikawajibu mmoja mmoja.